Wanataka majina manne, na wote sita wananiita Yaya

Mama mshauri, jambo sana.

Usitoe jina yangu tafadhali, Lubumbashi inaonekana kubwa lakini watu wa dawa tunajuana wote. Naandika saa saba ya usiku juu usingizi umekataa, hii ni wiki ya pili.

Niko na miaka 37, nimeolewa, watoto watatu. Nilisoma farmasi pale UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, na tangu miaka 9 mimi ni delege medikali, ile kazi ya kuzunguka na mkoba kwa madaktari kuwaelezea dawa za labo yetu, kampuni inayotengeneza dawa, ili waziandike kwenye ordonansi, ile karatasi ya dawa ya mgonjwa. Labo iko mbali, ng'ambo, inatengeneza jeneriki, zile nakala za bei nafuu za dawa ambazo patenti yake imeisha, sisi hapa tuko chini ya ajansi inayoiwakilisha. Watu wakiona viatu vizuri na blauzi iliyopigwa pasi wanafikiri tunakula pesa, hawajui hivyo viatu vinakaa kwenye mkoba, mvua ikinyesha natembea na sandale kwenye matope mpaka mlango wa hospitali ndipo navibadilisha, halafu nakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa saa mbili nzima nikingojea dakika tatu za daktari. Lakini naipenda hii kazi Mama, sikatai. Imejenga nyumba yetu ya Kampemba, inalipa minervali, karo ya shule, ya watoto, na inamlipia mdogo wangu ambaye naye yuko anasoma farmasi mwaka wa tatu.

Miaka mitatu iliyopita waliniweka mkubwa wa timu. Tuko watu saba, mimi na sita chini yangu. Hata yule mzee wa timu ananiita Yaya, yaani dada mkubwa, ilianza kama mchezo ikabaki.

Sasa wiki mbili zilizopita direkteri alitoka Kinshasa, akaniita peke yangu, akafunga mlango. Akasema labo inapunguza watu kila mahali duniani, hapa kwetu mauzo wataachia distributeri, kampuni nyingine ya kusambaza dawa, madaktari tutawafikia kwa WhatsApp na mikutano ya video, kwa hiyo katika wale sita watabaki wawili pamoja na mimi. Akasema, "Wewe ndiye unawajua, niletee majina manne kabla ya tarehe 30, na usimwambie mtu yeyote, hata nyumbani." Nikamuuliza, na kama sitaki? Akajibu bila kukasirika kabisa kwamba hakuna shida, ninaweza kuchukua bahasha yangu ya pesa za kuachishwa niende na mimi, halafu mtu wa Kinshasa atachagua kwa kuangalia namba za mauzo tu.

Mama, angalia watu wenyewe. Mzee wetu ana miaka 54, miaka 16 kwenye hii ajansi, yeye ndiye alinifundisha namna ya kumsalimia sekreteri kabla ya daktari, namna ya kusoma uso wa daktari aliyechoka na kurudi kesho. Namba zake zimeshuka, magoti yanamuuma, hafiki tena kwenye ngazi za juu. Dada mmoja ana mimba ya miezi sita. Mwingine ni shemeji yangu, mdogo wa bwana yangu, mimi ndiye nilimwingiza. Kuna vijana wawili wanauza sana, mmoja wao ana miaka miwili tu kazini na anaoa mwezi ujao, juzi alinipa kadi ya mwaliko na akaniambia amechukua deni ili kumalizia mahari, nilishika ile kadi mkono ukawa kama si wangu. Wa sita nitasema ukweli, ni mvivu, anaandika ripoti za madaktari ambao hajawaona, lakini analea watoto wa dada yake marehemu, watano.

Jumapili nilichukua kiboksi cha eshantiyo, sampuli, ya amoksisilini, nikakipasua, nikaandika majina sita nyuma ya kartoni. Nikafuta moja, nikalirudisha. Nikafuta lingine. Hiyo kartoni iko kwenye mkoba wangu mpaka leo, natembea nayo kati ya watu wenyewe.

Bwana yangu ni mwalimu, mshahara wake unaujua. Sijamwambia kitu juu ndugu yake yuko ndani ya hii habari. Ananiuliza kwa nini sili, namwambia ni malaria.

Na bado kuna jambo la baba. Baba alisimamishwa kazi kwenye kampuni fulani nilipokuwa sekondari, na kwa miezi mingi aliendelea kuamka saa kumi na moja asubuhi, ananyoa ndevu, anavaa suruali ya kazi, halafu anakaa kwenye kiti uani. Hatujawahi kujua nani aliandika jina lake kwenye ile orodha ya kutolewa. Sasa nani atajua ni mimi niliandika? Na kama watajua?

Nifanye je? Nitoe majina? Nikatae niondoke, nifungue kafarmasi kangu Katuba na ile bahasha? Niwaambie watu wangu wajiandae? Na huyu mdogo wangu nimwambie aache farmasi mapema, maana kama labo kubwa zinafukuza watu, yeye ataenda wapi?

Yaya asiyelala, Kampemba


MAMA MSHAURI ANAJIBU

Mwanangu, huko kazini wewe ni Yaya wa watu sita na nyumbani wewe ni mama wa watu wengi zaidi. Hapa kwangu uko mtoto, kaa kidogo.

Barua yako niliisoma mara tatu, na kila mara nilisimama palepale kwenye kartoni ya amoksisilini. Nimekuelewa hivi: umepewa kazi ya mtu mwingine uifanye kwa mkono wako, ukaambiwa uifanye peke yako, na katikati ya hiyo siri wamewekwa mwalimu wako, mwanamke mwenye mimba, ndugu wa bwana yako na bwana harusi. Usingizi ungekuja vipi? Na juu ya hayo baba yako amerudi kukaa kwenye kiti chake uani. Nadhani yeye ndiye anakuamsha saa saba, zaidi ya direkteri.

Tuanze na hili neno uliloandika, "ni mimi niliandika". Ni kweli na si kweli. Uamuzi wa kutoa watu wanne ulipikwa mbali, na wala haukupikwa kwa ajili ya Lubumbashi peke yake. Direkteri hakukudanganya aliposema kila mahali. Novartis ya Uswisi mwaka 2022 ilitangaza kuondoa mpaka watu 8,000 kati ya 108,000. Novo Nordisk ya Denmark, hao wenye Ozempic na Wegovy, dawa ambazo dunia nzima ilizikimbilia, waliajiri kwa kasi kabisa, halafu Septemba 2025 wakasema watapunguza kazi 9,000 kati ya 78,400, zaidi ya nusu hukohuko kwao Denmark. Na hii ya kuacha mauzo kwa distributeri Afrika yetu inaijua, GSK ya Uingereza ilifanya hivyo Kenya mwaka 2022 na Nigeria mwaka 2023. Hata kazi yako yenyewe ya mkoba na benchi haijaanza kutikisika leo. Pfizer mwishoni mwa 2006 iliondoa asilimia 20 ya wauzaji wake Marekani kwa mara moja, na wakati huo bado walikuwa wanauza Lipitor, dawa ya kolesteroli, kwa mabilioni, ila walishajua patenti yake, ile haki ya kuitengeneza peke yao, inakwenda kuisha na jeneriki zitaingia. Sasa ninyi mko upande wa jeneriki, faida ni ndogo kwa kila kiboksi, na mtu wa kwanza kuhesabiwa kuwa ghali ni yule anayetembea.

Nakuambia haya ili utofautishe vitu viwili ambavyo usiku vinakuwa kitu kimoja. Hao wanne hawaondoki juu magoti ya mzee ni mabaya au juu wewe hukupigana vya kutosha. Lakini nani kati yao aondoke, hapo mkono wako upo, sitakudanganya kwamba haupo, na wewe mwenyewe usingeniamini.

Sasa nikuulize. Direkteri alisema uchague, alisema uchague kwa kipimo gani? Kwenye barua yako hakuna. Alikuachia moyo wako uwe ndio mizani, na ndiyo maana unafuta jina na kulirudisha, mtu hawezi kupima mimba ya mmoja na deni la mahari la mwingine na yatima wa tatu kwenye mizani moja, hata mfalme Sulemani angeomba maji ya kunywa. Lakini nchi yetu ina sheria ya kazi, ile ya Oktoba 2002, na hiyo haikuacha mambo hewani. Mwajiri anayepunguza watu kwa sababu ya mahitaji ya kampuni anatakiwa kufuata utaratibu: anaangalia ujuzi wa kazi, miaka ya mtu kwenye kampuni, umri na mzigo wa familia. Anatakiwa pia kuwaarifu kwa maandishi wawakilishi wa wafanyakazi. Mimba haikubaliwi kuwa sababu ya kumtoa mwanamke. Na kuna preavi, ile notisi kabla ya kuachishwa, angalau siku 14 za kazi, na zinaongezwa siku 7 kwa kila mwaka kamili mtu aliotumika. Hesabu mwenyewe: mzee wako wa miaka 16 ana siku 126 za kazi, huyo kijana wa harusi ana 28. Mzee ana karibu miezi mitano ya kujipanga, kijana ana mwezi mmoja na kidogo. Ulikuwa unajua haya? Na direkteri alipokuwa anafunga mlango, unafikiri alikuwa anayajua?

Kwa hiyo kuna njia ambayo hukuiandika kati ya zile zako. Badala ya kumpelekea majina, unaweza kumpelekea swali kwa maandishi: tutafuata utaratibu gani, nani atauhakikisha, wawakilishi wataambiwa lini. Na kuhusu shemeji unaweza kusema wazi, huyu ni ndugu ya bwana yangu, mimi siwezi kumwandika wala kumwacha, mtu mwingine aamue. Hapo utakuwa umemrudishia mwenye mzigo sehemu ya mzigo wake. Hatari yake ipo na uijue kabla: anaweza kukuona wewe ni mgumu, ile nafasi yako ya kubaki ikaanza kulegea. Kabla ya kuandika barua ya namna hiyo ningependa upite kwenye inspeksyo ya kazi, ile ofisi ya serikali ya mambo ya kazi, au kwa mtu wa sindika, chama cha wafanyakazi, unayemwamini, umuulize bila kutaja jina la ajansi. Na utaratibu wa sheria nao unaumiza mtu, usifikiri hauumizi. Ukihesabu miaka na familia, vijana wawili wanaouza vizuri ndio wanaweza kutoka na yule wa ripoti za uongo akabaki. Utaweza kuishi na hilo? Mimi sijui, wewe ndiye utafanya kazi naye.

Ukitoa majina manne kama ulivyoombwa, utabaki na mshahara, na watu wawili, na eneo lilelile. Hukuniambia kama mnafika Likasi na Kolwezi, ila nadhani mnafika. Watu watatu kufanya kazi ya saba, mpaka lini? Umeuliza labo imeahidi nini kwa hao watakaobaki, imeahidi kwa maandishi? Naona umechukua kubaki kwako kama kitu kilichokwisha. Sina hakika hiyo. Kampuni inayoamini daktari atafungua video saa nane mchana akiwa na wagonjwa 40 kwenye korido, mwakani inaweza kuamini kwamba hata wewe hauhitajiki. Wewe umekaa kwenye hilo benchi miaka 9, unajua kile ambacho simu haiwezi kufanya. Je, kuna mtu aliwahi kukuomba ukieleze, kwa namba, dawa zipi zinaandikwa kwa sababu mtu alikwenda na zipi zingeandikwa hata bila mtu? Inawezekana wamekwisha amua na hawatasikia. Inawezekana pia watabakiza watatu badala ya wawili, na huyo mmoja ni mtu mzima na nyumba yake.

Ukichukua bahasha na kuondoka, mikono yako itabaki safi kwa namna fulani, naelewa utamu wa hilo. Lakini umesema mwenyewe, mtu wa Kinshasa atachagua kwa namba za mauzo tu. Kwa namba, nani anatoka wa kwanza? Mwalimu wako. Yule dada mwenye mimba ambaye miezi hii hawezi kutembea sana pia atakuwa chini. Sisemi ubaki kwa ajili yao, wewe nawe ni mtu na watoto watatu wanakula. Nasema tu kuondoka nako ni kuchagua, ila kunafanyika ukiwa haupo.

Na ile kafarmasi. Mji huu una kumbukumbu ya bahasha. Mwaka 2003 na 2004 watu zaidi ya 10,000 walitoka Gécamines, kampuni ya serikali ya migodi, kwa ile depa volonteri, kuondoka kwa hiari, iliyolipiwa na Benki ya Dunia, na kila mtaa hapa una hadithi ya mtu aliyenunua basi dogo likafa injini, au aliyefungua duka likaliwa na ndugu. Baba yako sijui alikuwa wapi, hukusema na sitauliza. Lakini wewe unajua dawa, wao wengi hawakujua biashara waliyoingia, hiyo ni tofauti kubwa. Ila Katuba ina farmasi kila kona, nyingine hazina mfamasia ndani wala karatasi za ruhusa, na zitauza chini ya bei yako kwa sababu hazilipi unacholipa. Mgonjwa atakuja na ordonansi ya dawa tano, ataomba mbili kwa deni, na wewe kwa moyo huu niliousoma utampa. Kaa na kalamu, hesabu nyumba ya kukodi, friji, umeme unaokatika, stoku ya miezi mitatu, na miezi sita ya kula bila faida. Bahasha ikivuka hapo, tuongee tena. Isipovuka, kuna milango mingine kwa mwenye diplomu yako: depo za jumla, famasi za hospitali, kliniki za kampuni za migodi huko Kolwezi na Likasi. Umegonga hata mmoja? Sikuona kwenye barua.

Nimeacha siri mwisho juu ndiyo inayonisumbua zaidi. Ukiwaambia wote sita leo, unaweza kufukuzwa kwa kuvunja neno, na wao wanaweza kuanza kulana wenyewe kwa wenyewe kabla hata hakuna kilichoamuliwa. Nimeona timu zikivunjika hivyo, mtu anakwenda kumchongea mwenzake usiku kwa direkteri. Lakini ukinyamaza, kijana anasaini deni juu ya deni. Kati ya kusema yote na kunyamaza kabisa kuna nafasi, ndogo lakini ipo. Mkubwa wa timu anaweza kumwambia kijana wake, mwanangu, nyakati za dawa si nzuri, makampuni makubwa yanapunguza watu, harusi ni baraka ila usiikope. Hilo ni neno ambalo yaya yeyote angesema, na halijavunja mlango wa mtu. Atalisikia? Wenye mapenzi hawasikii vizuri. Lakini utakuwa umelisema.

Na bwana yako, hapa nitakuwa mkali kidogo, univumilie. Unamwambia malaria. Unafikiri unamlinda na habari ya ndugu yake, lakini siku shemeji atakapopewa barua, bwana yako atahesabu siku nyuma, atagundua ulikuwa unajua ukiwa umelala pembeni yake. Direkteri alisema "hata nyumbani", ndiyo, ila yeye haishi kwenye hiyo nyumba. Unaweza kumwambia kwamba kuna kupunguzwa watu na wewe umeombwa jambo gumu, bila kutaja jina la mtu. Hatari ni kwamba atakuomba umlinde mdogo wake, na itakubidi umjibu. Je, unaogopa ombi lake, au unaogopa kwamba utakubali?

Mdogo wako naye. Yuko mwaka wa tatu, na unataka akimbie moto ambao uko kwenye chumba chako, si kwenye nyumba nzima. Kinachopungua huko ng'ambo na hapa ni kazi za kuuza, na kazi za maofisini baada ya kampuni kuungana au patenti kuisha. Watu hawajaacha kuugua. Lubumbashi bado inahitaji mtu anayejua kama kiboksi kilichovuka mpaka wa Kasumbalesa ni dawa au ni chaki, na anayejua dawa ipi isilale juani. Lakini asije akafikiri diplomu itamletea mkoba na viatu kama vyako, hilo mwambie mapema, na umuulize yeye anapenda nini katika hii farmasi. Pengine hujawahi kumuuliza, ulilipa tu kama tunavyolipa wote.

Ulisema kwenu hamkuwahi kujua nani alimwandika baba. Nimejiuliza, kama mngejua, ingekuwa rahisi zaidi kwake? Au kilichomweka kwenye kile kiti miezi yote ile ni kwamba hakuna mtu aliyekuja kukaa naye akamwambia kwa mdomo, hivi ndivyo ilivyoamuliwa na hii ndiyo sababu? Sijui jibu, lakini wewe ulikuwepo uani ukimwona, mimi sikuwepo. Labda unajua kitu alichokikosa asubuhi zile. Na hao wanne, wawe nani, watapewa karatasi na mtu fulani siku fulani. Ukiwa bado uko, unaweza kuwa umekaa kwenye benchi pamoja nao.

Hiyo kartoni itoe kwenye mkoba leo, mwanangu. Iweke kwenye droo nyumbani, wasije wakaiona ukitoa sampuli. Na kabla ya tarehe 30 niandikie, hata kama ni saa saba ya usiku.